Stima Nyumbani na Mtoto Anayetambaa

Leo hatutazungumza juu ya homa wala chanjo. Tutazungumza juu ya kitu kilicho ukutani mwa nyumba yako, chini kabisa, karibu na sakafu, pale pale macho ya mtoto anayetambaa yanapofika. Ni soketi ya stima.

Zamani katika nyumba nyingi za mashambani hatari ya usiku ilikuwa koroboi. Kila mama aliijua, kwa sababu moto huonekana, na mafuta ya taa hunuka. Siku hizi, hasa tangu serikali ilipozindua mradi wa Last Mile mwaka wa 2015, stima imeingia katika maboma ambayo hayakuwahi kuwa na hata balbu moja. Ni jambo jema sana. Lakini stima haionekani, hainuki wala hailii. Mtoto hana njia ya kuijua mpaka imguse. Ndiyo maana ni lazima wewe uijue kwa niaba yake.

Basi stima ni nini? Fikiria tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Maji hutaka kushuka. Mnara ukiwa mrefu, maji hushuka kwa nguvu nyingi. Ukiwa mfupi, yanatiririka polepole. Ile nguvu ya kusukuma ndiyo inayoitwa volti. Kiasi cha maji kinachopita ndani ya mfereji ndicho kinachoitwa ampia. Betri moja ya redio yako ina volti moja na nusu, mnara mfupi sana, na ndiyo sababu unaweza kuishika kwa vidole bila kuhisi chochote. Soketi ya nyumbani hapa Kenya ina volti 240.

Kuna jambo la pili, nalo ni kwamba stima hutembea kwa mzunguko. Huja kwa waya mmoja, hupita ndani ya balbu au pasi, na hurudi kwa waya mwingine. Lakini pia hukubali kurudi kupitia ardhini, kwa sababu kule kwenye transfoma waya wa kurudi umeunganishwa na ardhi. Hii ndiyo sababu ndege hutua juu ya waya wa stima na kuimba bila kudhurika. Miguu yake yote iko juu ya waya mmoja, hajagusa ardhi, kwa hivyo stima haina pa kupitia. Wewe umesimama chini. Ukigusa waya ule ule, mwili wako unakuwa ndio mfereji wenyewe, kutoka mkononi, kupitia kifuani, hadi miguuni. Na kifuani ndimo moyo ulimo.

Ngozi kavu huzuia stima kwa kiasi fulani. Ngozi yenye maji haizuii sana. Mama aliyevaa viatu vya mpira na mikono mikavu anaweza kuguswa na stima akaruka, akacheka na kuendelea na kazi. Mama huyo huyo akiwa miguu mitupu kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, anaweza kufa. Sasa mfikirie mtoto wa miezi tisa. Ngozi yake ni nyororo, mikono yake imelowa mate, magoti yote mawili yako sakafuni. Msiseme kwamba jirani alipigwa shoti na hakuna kilichompata; jirani alikuwa na viatu.

Nataka tuelewane kuhusu kiasi, maana hapa wengi wanadanganyika. Chukua ampia moja uigawe vipande elfu moja. Kipande kimoja tu ukikipitisha mwilini utasikia mwasho. Vipande kumi hivi au kumi na tano, misuli ya mkono hukaza, na mtu hawezi tena kuachilia alichoshika. Watu husema stima imemvuta, lakini haikumvuta. Ni mkono wake mwenyewe uliofumba na kukataa kufumbuka, na kwa mtoto hutokea mapema zaidi. Vikifika thelathini na kuendelea, pumzi na moyo viko hatarini. Balbu ya kawaida ya wati 60, ile ya zamani, hutumia vipande 250. Kwa hivyo stima inayowasha balbu moja inatosha na inazidi kuua mtu mzima.

Na fyuzi je? Ile iliyo ndani ya plagi ya birika la stima imeandikwa 13. Maana yake ni kwamba haikatiki mpaka zaidi ya ampia 13 zipite, yaani vipande 13,000. Fyuzi iliwekwa kuulinda waya usiungue na kuchoma nyumba. Haikuwekwa kumlinda mtoto wako.

Kifaa kinachomlinda mtu kipo, na mafundi hukiita kwa herufi tatu, RCD. Hukaa kwenye sanduku la swichi kuu. Kazi yake ni kupima stima inayotoka na inayorudi, na ikiona vipande thelathini tu vimepotea njiani, pengine vimepitia mwilini mwa mtu, hukata stima mara moja, kabla hujamaliza kusema “mama”. Kina kitufe kidogo cha majaribio. Ukikibonyeza stima inapaswa kukatika. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Ikiwa unajenga, au unaingiza stima kwa mara ya kwanza, mwambie fundi akiweke. Ni gharama, sikatai. Lakini nimeona nyumba zenye televisheni kubwa ukutani ambazo hazina kifaa hiki, na mwenye nyumba akasema hakuwa na pesa.

Tuje sasa kwenye plagi. Plagi yetu ya Kenya ina miguu mitatu. Miwili ya chini ni ya stima: mmoja wa moto, ambao mafundi huuita laivu, na waya wake ni wa rangi ya kahawia, au nyekundu katika nyumba za zamani. Wa pili ni wa kurudi, yaani nyutro, wa buluu, au mweusi zamani. Mguu wa juu, ule mrefu, ni wa ardhi, na waya wake ni wa kijani chenye mistari ya manjano. Waya wa ardhi katika siku za kawaida haufanyi kazi yoyote. Unangoja siku ambayo waya wa moto utachubuka ndani ya pasi na kugusa bati. Siku hiyo, kama waya wa ardhi upo, stima itakimbilia ardhini kwa wingi na fyuzi itakatika. Kama haupo, pasi itakaa hivyo ikiwa na stima, ikingoja mkono wako. Kwa hivyo fundi akikuambia kwamba huo wa kijani si lazima, mtafute fundi mwingine. Mafundi wa stima hupewa leseni na halmashauri ya serikali inayosimamia kawi, EPRA, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni yake kabla hajagusa waya.

Kwa nini mguu wa ardhi ni mrefu? Kwanza, ili utangulie kuingia na uwe wa mwisho kutoka. Pili, ndani ya soketi nyingi, matundu mawili ya chini yamefungwa kwa vijilango vidogo vya plastiki. Mguu mrefu unapoingia juu, ndio unaovifungua. Mtoto akichomeka msumari au kijiko kwenye tundu la chini, hukuta mlango umefungwa. Waliotengeneza soketi hii walimfikiria mtoto.

Lakini sisi tunafanya nini? Tunanunua simu au redio yenye plagi ya miguu miwili. Haiingii. Basi tunachukua kalamu ya biki, tunaisukuma kwenye tundu la juu mpaka vijilango vifunguke, tunaingiza plagi. Ni nyumba ngapi hapa kwetu ambazo hazijafanya hivyo? Na ni nani ameketi sakafuni akitazama? Mtoto wa miaka miwili hujifunza kwa kuiga. Amekuona ukiingiza kitu chembamba kwenye soketi, na ukafurahi simu ilipoingia moto. Kesho yake ataingiza chake, na hatachagua kalamu ya plastiki; atachukua uma, au pini ya nywele, au ule ufunguo wa kabati. Adapta ya kugeuza miguu miwili kuwa mitatu haiwezi kushinda bei ya kilo chache za unga. Nunua moja, na usimwonyeshe mtoto kalamu tena.

Soketi zetu nyingi zina swichi yake pembeni. Izime kila umalizapo kuitumia. Kuna vifuniko vya plastiki vinavyouzwa vya kuziba matundu, lakini chunguza kabla ya kununua, kwani vingine hutengenezwa vibaya na mguu wake wa juu huviacha vijilango wazi. Mtoto akikichomoa nusu, amefunguliwa njia. Kusogeza kabati au kochi zito mbele ya soketi isiyotumika ni kinga nzuri pia, na haigharimu chochote.

Maji ya kumwogesha mtoto. Hapa naomba mama aliye na sufuria mkononi aiweke chini anisikilize. Ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo imewaua watu wanaojua kusoma na kuandika. Mama huitumbukiza, huwasha, halafu hutia kidole kujaribu kama maji yamepata moto. Ikiwa hita ina ufa hata mdogo, maji yote ya ndoo yana stima. Kanuni yake ni moja: zima ukutani, chomoa plagi, toa hita majini, ndipo uguse maji. Kwa utaratibu huo huo, bila kuruka hatua, hata kama umechelewa kazini. Tumia ndoo ya plastiki, kamwe si sufuria wala karai la bati. Weka ndoo juu ya meza, na mtoto awe chumba kingine. Mtoto anayevuta waya wa hita hupata mawili, stima na maji ya moto. Kwa kweli, kama una jiko la makaa au la gesi, mimi ningependelea uchemshe maji ya mtoto huko na kuiacha hita dukani.

Wenye shawa ya stima, ile inayopasha maji papo hapo, mkihisi mfereji unawasha au unatetemesha vidole, msiseme ni kawaida yake. Ni dalili kwamba waya wa ardhi haupo au umekatika. Zima swichi yake, na asioge mtu humo mpaka fundi afike.

Nyumba za mabati zina shida yake. Waya wa stima hupitishwa kwenye tundu la bati, na ukingo wa bati ni kisu. Upepo ukivuma, bati linacheza, linausugua waya kidogo kidogo. Mwaka mmoja, miwili, ganda linachubuka, na sasa ukuta mzima una stima. Jua likiwaka, ardhi imekauka, labda utasikia mwasho kidogo tu ukigusa mlango. Mvua ikinyesha, mama anatoka miguu mitupu kuanua nguo, kamba yenyewe ni ya waya, imefungwa kwenye ukuta. Hapo ndipo msiba hutokea. Ukisikia watoto wakisema “mlango unauma”, usiwacheke. Toa watu wote nje bila kugusa ukuta, zima stima kwenye swichi kuu, mwite mwenye ploti. Waya ukipita kwenye bati upitishwe ndani ya bomba la plastiki. Na kamba ya nguo iwe ya nailoni au ya katani, isifungwe kwenye mlingoti wa stima.

Kuhusu ekstensheni sitasema mengi. Soketi moja inaweza kutoa ampia 13, na ukizidisha mara volti 240 unapata wati 3,120. Birika hutumia wati 2,000 hivi, koili wati 1,500. Ukiviwasha pamoja kwenye ekstensheni moja, umepita mpaka. Waya huanza kupata moto, hasa ukiwa umeuviringisha au umeuficha chini ya zulia na godoro. Gusa plagi yako: ikiwa ni ya moto, au imegeuka rangi ya kahawia, au unasikia harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, chomoa. Na wale wanaofunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, wameondoa ulinzi pekee uliokuwepo dhidi ya moto.

Nyongeza moja ndogo kwa wanaoishi kwenye ploti zenye mita moja. Tokeni zinaisha saa nane, koili ilikuwa ikipika maharagwe. Unaiacha hivyo hivyo, unaenda sokoni. Jirani ananunua tokeni saa kumi, anaingiza nambari, stima inarudi nyumba zote. Koili yako inawaka bila mtu, na mtoto amelala. Stima ikipotea, kitu cha kwanza ni kuzima swichi ukutani.

Nje ya nyumba, waya uliokatika na kulala chini hauaminiki hata kama hautoi cheche. Kaeni mbali, angalau mita kumi, mzuieni mtoto na ng'ombe pia, mpigie Kenya Power kwa nambari 97771. Waya wa barabarani huweza kuwa na maelfu ya volti, na hapo hata fimbo kavu haisaidii.

Sasa, mtu akinaswa na stima ndani ya nyumba, ufanye nini? Silika ya mama ni kumkumbatia mtoto. Usimguse. Ukimgusa mtakuwa wawili mlionaswa, na hakuna wa kuwaokoa. Kimbilia swichi, ya ukutani au ile kuu. Nauliza hivi: unajua swichi kuu yako iko wapi? Katika ploti nyingi imo ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa msimamizi ambaye ameenda kunywa chai. Wapangaji, hili lizungumzeni na mwenye nyumba wiki hii. Swichi kuu ifikike saa zote, mchana na usiku.

Kama huwezi kuzima, simama juu ya kitu kikavu, ubao au karai la plastiki lililogeuzwa, kisha msukume mbali na waya kwa mpini wa ufagio au kiti cha plastiki, vyote vikavu. Akishaachana na stima, mwili wake hauna stima tena. Unaweza kumshika bila hofu.

Mtazame. Anapumua? Kama hapumui au anakata pumzi za mwisho mwisho, mtu mmoja apige simu 999 au 112 na wewe uanze kumsukuma kifua. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, sukuma chini kwa nguvu na uachilie, mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha inua kidevu, mpulizie pumzi mbili mdomoni, urudie. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita tano hadi sita, kwa mtoto kama tano. Kwa mtoto mchanga, zungusha mikono yako kifuani mwake na usukume kwa vidole gumba viwili, sentimita nne, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Moyo uliosimamishwa na stima wakati mwingine hurudi, kwa hivyo usikate tamaa mapema.

Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, stima ikiwa imezimwa, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Na usidanganywe na kidonda kidogo. Stima huacha alama ndogo pale inapoingilia na pale inapotokea, lakini huko ndani imepita ikiunguza nyama. Mwende hospitalini ikiwa mtu alizirai, ana kidonda chochote, anasikia moyo ukidunda ovyo, ana maumivu ya misuli, au mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai ya strungi. Mama mjamzito aende hata kama anajisikia mzima, ili mtoto aliye tumboni apimwe.

Jambo la mwisho ambalo mama wengi hawajawahi kuambiwa. Watoto wanaoota meno hutafuna nyaya, au hutia mdomoni ncha ya waya wa ekstensheni. Stima huunguza pembe ya mdomo. Mwanzoni kidonda huwa cheupe au cha kijivu, hakitoki damu nyingi, na mtoto anaweza hata kunyonya. Mama anashukuru Mungu na kukaa nyumbani. Lakini chini ya gamba lile kuna mshipa wa damu wa mdomo. Baada ya siku tano, wiki moja au mbili, gamba linabanduka, pengine usiku mtoto akiwa amelala, na damu inatoka kwa wingi. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitalini siku ile ile ya ajali, na daktari akimrudisha nyumbani, lala naye karibu kwa muda wa wiki mbili. Damu ikianza, bana mdomo wake pale panapotoka kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kimoja ndani, kimoja nje, kwa nguvu, na usiachilie ili kuangalia kama imekoma. Endelea kubana hivyo hivyo njiani mpaka mfike kwa daktari.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaingia jikoni tena kuzungumza juu ya mafuta ya taa na dawa ya panya zinazowekwa kwenye chupa za soda. Kwaherini.